Kabla Hujanunua Sensa

Simama katika kituo chochote cha mafuta kando ya Jogoo Road saa kumi na mbili asubuhi, utege sikio. "Weka ya elfu." "Ya mia tano tu, mkubwa." "Super ya elfu mbili." Ni nadra kumsikia mtu akitaja lita. Sisi wa Eastlands tunanunua petroli kama tunavyonunua sukuma wiki, kwa pesa iliyo mkononi, kisha jioni tunalalamika kwamba gari linakunywa mafuta. Ukimuuliza mtu linakunywa kiasi gani, atakujibu kwa shilingi. Na shilingi hazipimi chochote, maana EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi.

Kwa hivyo, kama una Forester SG5, Impreza, Legacy au Caldina ya turbo na unashuku inachoma kupita kiasi, kazi ya kwanza haihitaji fundi. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sufuri. Tembea kama kawaida yako kwa wiki moja, usilibembeleze gari kwa sababu unalipima. Rudi kituo kile kile, pampu ile ile, ujaze tena mpaka ikate, kisha gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo mara mbili. Langu lilipoanza kunitia wasiwasi lilikuwa limetembea kilomita 171 na kumeza lita 38. Hiyo ni kilomita 4.5 kwa lita.

Je, 4.5 ni mbaya? Inategemea. Injini ya lita mbili ikiwa imesimama inanguruma tu, huchoma karibu lita moja kwa saa, zaidi kidogo ukiwasha AC. Anayetoka Umoja kwenda Westlands kupitia Outer Ring saa moja asubuhi analipia saa nzima ya kusimama, na hakuna spea ya kumponya. Kwa kipimo changu, SG5 yenye gia za otomatiki ikikupa 7 mjini, iache. Ikikupa 6, angalia upepo wa tairi na mguu wako wa kulia. Chini ya 5, kuna kitu. Oktoba 2023 super ilipofika Sh217.36 Nairobi, mwendo wa kilomita 30 kwa siku ulikuwa ukinigharimu karibu Sh1,450. Gari lile lile likiwa zima lingetumia chini ya Sh900.

Jambo jingine la kuelewa mapema: injini ya turbo imeundwa kuchoma mchanganyiko mzito unapoikanyaga. Mafundi huuita richi. Mwendo wa kawaida ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito, lakini turbo ikisukuma kwa nguvu, kompyuta hushusha hadi karibu 11 kwa moja, makusudi, ili petroli ya ziada ipoze vyumba vya mwako. Kwa hiyo masizi kidogo kwenye mdomo wa egzosi si ugonjwa. Wengi wetu tulipenda Subaru kwa sababu ya ushindi wa Safari Rally: McRae 1997, Burns 2000. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akijilipia petroli.

Ugonjwa una dalili nyingine. Harufu ya petroli mbichi nyuma ya gari likiwa limeshapata moto. Moshi mweusi hata ukikanyaga polepole. Plagi zilizopakwa masizi makavu meusi badala ya rangi ya chai ya maziwa. Dalili ninayoiogopa zaidi iko kwenye kijiti cha oili: kichomoe asubuhi, kinuse. Kikinuka petroli, au oili ikiwa imepanda juu ya alama bila wewe kuongeza, petroli inavuja kupita pistoni na kuingia kwenye oili. Turbo huzunguka maelfu kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Oili iliyokuwa maji haiwezi kuubeba mhimili ule, na turbo ikifa utasahau habari ya petroli.

Kabla ya kufungua boneti, ondoa yasiyo ya injini. Pima upepo wa tairi zikiwa baridi. Ukitoka mwendo wa kilomita kumi hivi, weka kiganja karibu na kila rimu, usiiguse: ile inayokuchoma kuliko wenzake, breki yake haiachii. Subaru inavuta magurudumu yote manne, na tairi mbili mpya mbele na mbili zilizoisha nyuma humfanya mgawanyaji nguvu apigane na nafsi yake siku nzima. Na kama umefunga tairi kubwa ili gari lisimame wima kama la polisi, jua kwamba kihesabu chako kinadanganya. Tairi yenye mzingo mkubwa kwa asilimia 5 hukuandikia takriban kilomita 95 ulipotembea 100.

Sasa nikusimulie nilivyopoteza pesa.

Taa ya injini iliwaka. Fundi niliyekuwa nikimwamini akachomeka mashine, akasoma kosa la mchanganyiko mzito, akatamka bila kusita: "Bosi, ni oxygen sensor." Nilishuka Grogan, pale Kirinyaga Road, nikanunua moja iliyotoka Japani ikiwa imetumika. Ikafungwa, betri ikatolewa terminali ili kufuta kumbukumbu, taa ikazima, tukashikana mikono. Baada ya siku nne taa ikarudi. Nikanunua nyingine, mpya safari hii, kwa bei ambayo sikumwambia mke wangu. Taa ikarudi tena.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Kariobangi Light Industries ambaye hakugusa spana kwa nusu saa nzima. Alichomeka kisomaji chake, akaketi kiti cha abiria, akaniambia, "Twende Bypass, kijana." Tulipokuwa kwenye msongamano, joto la maji lilisoma nyuzi 82. Tulipofika Eastern Bypass, kwenye mwendo wa 80, likaanza kushuka: 76, 70, 66, 63. Akacheka kidogo. "Hii gari haina thermostat."

Nilibisha. Mshale wa dashibodi ulikuwa umetulia chini kidogo ya katikati kama kawaida! Lakini mshale ule umetengenezwa kutulia ili usikutie hofu. Joto linaweza kupanda na kushuka nyuzi nyingi nao hautingishiki. Tulirudi, akafungua pale chini ambapo hosi ya chini ya rejeta inaingia kwenye pampu ya maji, na mlikuwa mtupu. Mwaka uliotangulia gari lilikuwa limepata joto, na fundi wangu wa awali aliitoa themostati bila kuniambia. Nilipompigia simu alisema jambo ambalo wewe pia utaambiwa siku moja: "Hizo ni za nchi za baridi, bosi. Huku zinasumbua tu."

Imani hiyo imechoma petroli nyingi katika mji huu. Themostati haipo kwa ajili ya theluji. Kazi yake ni kuyafungia maji ndani mpaka injini ifikie joto la kazi, kisha kuyaachia kwa kipimo. Ya Subaru hizi huanza kufunguka maji yakikaribia nyuzi 80. Ikiwa haipo, au imekwama wazi, kompyuta inaamini kila asubuhi ni ya Julai na inaendelea kumwaga petroli ya kuamshia injini. Gia za otomatiki nazo zikiwa baridi huchelewa kufunga mshikamano wa mwendo wa kasi uitwao lock-up, kwa hivyo injini inazunguka zaidi kwa kilomita ile ile. Na kama gari lilipata joto kupita kiasi hapo mwanzo, sababu yake ingali humo: rejeta iliyoziba, feni iliyokufa, au gasketi ya kichwa, ugonjwa unaojulikana wa injini hizi. Kutoa themostati kunaficha tu.

Kuipima bila mashine ni rahisi. Asubuhi gari likiwa baridi, liwashe uliache lingurume. Feni isikukate: mikono mbali nayo, na shati lisining'inie. Baada ya dakika kadhaa gusa hosi ya juu ya rejeta, kisha ya chini. Themostati nzima huiacha ya chini ikiwa baridi wakati ya juu imeshakuwa moto, halafu ghafla ya chini nayo inapata moto. Zikipanda joto pamoja polepole, haipo au imekwama. Yangu mpya pamoja na ufundi haikufika hata theluthi ya bei ya sensa ile mpya, na wiki iliyofuata nilipima kilomita 6.3 kwa lita.

Ukiwa na kisomaji, hata kile kidogo cha Bluetooth, kuna kipimo cha sekunde kumi. Lakini angalia kwanza kama kinaelewana na gari lako. Magari ya soko la Japani ya miaka ile mengine hayazungumzi lugha ya kawaida ya OBD, na huenda ukahitaji programu ya Subaru hasa. Alfajiri kabla ya kuwasha, fungua swichi tu, soma joto la maji na joto la hewa inayoingia. Gari limelala nje usiku kucha, kwa hiyo namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana sana. Kama hewa inasoma 15 na maji yanasoma kutoa 20, sensa ya joto la maji inaiambia kompyuta kwamba uko Siberia, nayo inamwaga petroli ipasavyo. Ni sensa ndogo ya bei ndogo.

Kwenye gari linalokadiria hewa kwa sensa ya presha, kama zile Caldina za injini ya 3S-GTE, tumia ujanja mwingine. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya hewa hapa ni kilopaskali 83 hivi, wakati Mombasa ni 101. Swichi ikiwa wazi na injini imezimwa, sensa lazima ikuambie uko Nairobi. Ikisoma 100 ukiwa umeegesha Buruburu, inaamini uko Likoni, na petroli itatoka ya Likoni.

Turudi kwenye sensa ya oksijeni, maana ndiyo inayosingiziwa kuliko zote. Kompyuta ina ramani ya kiasi cha petroli inachodhani kinatosha. Sensa inanusa moshi na kuiambia umezidisha au umepunguza. Marekebisho hayo huonekana kwenye mashine kama asilimia, ya papo hapo na ya muda mrefu. Kati ya kutoa 10 na kujumlisha 10, tulia. Sasa mtazame fundi wako: kama alisoma tu namba ya kosa na hakuangalia asilimia hizi, bado hajapima.

Asilimia zikiwa za kutoa, tuseme kutoa 20, maana yake sensa inafanya kazi yake vizuri. Inaona petroli imezidi, na kompyuta inajitahidi kupunguza. Kumuua mjumbe aliyeleta habari ya kweli hakutakusaidia. Tafuta petroli inatoka wapi. Lakini kama plagi ni nyeusi, egzosi inanuka petroli, na bado kompyuta inaandika kujumlisha 15, kuna anayeidanganya. Huenda kweli ni sensa iliyochoka, au iliyoharibiwa na silikoni ya gasketi ambayo mafundi wetu hupaka kila mahali kama siagi. Lakini kabla ya kuihukumu, sikiliza injini baridi asubuhi. Mlio wa tik-tik-tik unaopotea chuma kikipata moto ni ufa au gasketi iliyoachia kwenye egzosi kabla ya sensa, na kwenye Subaru bomba linalopanda kutoka injini hadi turbo ni mahali pa kushuku. Hewa ya nje inavutwa ndani ya ufa, sensa inanusa oksijeni, inasema mchanganyiko ni mwepesi, na kompyuta inaongeza petroli isiyotakiwa. Silinda inayokosa moto hufanya vivyo hivyo: oksijeni isiyoungua inapita, sensa inadanganyika. Kwa hiyo plagi na koili hutangulia sensa. Kwenye injini ya Subaru plagi zimelala ubavuni, na upande wa kushoto betri hutolewa ili mkono upite. Anayekuambia amezibadilisha kwa dakika kumi, muulize amezibadilisha ngapi.

Turbo ina tatizo lake ambalo magari ya kawaida hayana. Subaru hupima hewa mara moja tu, pale kwenye boksi la filta. Kila gramu inayopita hapo huandaliwa petroli yake. Ikiwa baada ya hapo, kati ya turbo na injini, kuna hosi iliyopasuka, klipu iliyolegea au mpira wa intakula uliokakamaa kwa miaka, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inavujia nje turbo inaposukuma, na petroli yake inabaki bila mwenzi. Gari linakosa nguvu, linatoa moshi, unakanyaga zaidi, linakunywa zaidi. Vijana wanaofunga ile valvu inayotema hewa nje kwa mlio wa "pshh" kila wakibadilisha gia hufanya hivyo kwa hiari na kulipia. Valvu ya kiwandani hurudisha hewa ile ndani ya bomba, ikiwa imeshahesabiwa. Rudisha ya kiwandani. Utazoea kimya.

Kupata uvujaji huo hakuhitaji karakana ya Industrial Area. Nunua kifuniko cha bomba la PVC hardware, kinachotosha kwenye mpira unaoingia turbo. Mpelekee wa puncha aliye karibu, akutobolee na kufunga valvu ya tairi. Kaza kifuniko kwa klipu baada ya sensa ya hewa, injini ikiwa imezimwa na baridi, halafu mwambie ajaze hewa taratibu kwa kompresa yake, isipite psi 10. Usisimame mbele ya kifuniko, kikichomoka kinapiga kama jiwe. Pulizia maji ya sabuni kila kiungo. Kuna hewa kidogo itakayopita kwenye hosi ya breza kwenda ndani ya injini, hiyo ni kawaida, unaweza kuibana kwa koleo lililofungwa kitambaa. Mimi nilifanya hivyo Mutindwa, watoto wa shule wakitazama, na mmoja wao ndiye aliyeona mapovu kabla yangu: mpira wa chini ya intakula, ufa wa urefu wa kidole upande usioonekana. Mpira huo ulinipandisha kutoka 6.3 hadi 7.4.

Kama umefunga filta ya koni badala ya boksi la asili, rudisha boksi kabla ya kupima lolote. Bomba likibadilika kipenyo, sensa ya hewa inasoma uongo, na koni zilizolowekwa oili huichafua. Kwa upande mwingine, filta ya kawaida iliyochafuka huchosha gari, lakini kwenye injini hii hainenepeshi mchanganyiko kama watu wanavyodhani, kwa kuwa hewa hupimwa baada ya kupita filta. Ibadilishe, lakini usitarajie miujiza.

Ikibaki upande wa petroli yenyewe, anza na kidhibiti presha. Kina hosi nyembamba ya vakumu. Injini ikiwa baridi na imezimwa, ichomoe. Ikiwa na petroli ndani, hata tone, kiwambo kimepasuka na injini inakunywa kupitia mlango wa nyuma. Usifanye hivi turbo ikiwa moto, na mwenye sigara asogee mbali. Kidhibiti kikiwa kizima, dai geji ya presha ifungwe: ukizima injini na presha ikaanguka mara moja, kuna kitu kinavuja, na injekta zinazodondosha ni miongoni mwa washukiwa. Dalili yake nyumbani ni gari linalowaka kwa shida likiwa moto, kisha linakohoa moshi mweusi mara moja na kutulia. Injekta hupelekwa kwa wenye mashine ya kuzipima na kuzisafisha, na udai uoneshwe ujazo wa kila moja kabla na baada. Ile chupa ya dawa ya kumwaga kwenye tangi haizibi injekta inayovuja.

Maneno mawili kuhusu kushughulika na fundi. Usikubali betri itolewe terminali kabla ya namba zote kusomwa na kupigwa picha kwa simu. Kufuta kumbukumbu hurudisha kompyuta kwenye makadirio ya kiwandani, gari linaonekana limepona siku mbili tatu, na ushahidi umepotea. Spea iliyotolewa ni yako, iombe.

Na ukiambiwa egzosi inafunguliwa "kusafishwa tu," usiende kunywa chai. Vuta kiti, ukae pale pale. Petroli iliyozidi huyaziba na kuyachoma masega ya kusafisha moshi yaliyo ndani ya egzosi, hilo ni kweli, lakini masega hata yakiwa mabovu yana platinamu, paladi na rodi ndani, na wanunuzi hawakosi. Yakitoka, yahesabu mkononi mwako.